Mwihangane, inakuja

Jumapili moja, saa saba na dakika kumi mchana, niliagiza mukeke, samaki wa ziwa letu, kwenye kabare, yaani baa, ya ufukweni. Saa naitaja kwa sababu niliiandika kwenye simu. Ukishakaa Bujumbura miaka ya kutosha unazoea kuandika saa uliyoagiza chakula. Shabaha si kumshitaki mtu. Ni kujithibitishia tu kwamba akili zako bado ni nzima.

Kabare yenyewe iko Ruziba, kusini mwa jiji, ukishaipita Kanyosha, upande wa ziwa wa barabara iendayo Rumonge. Jina lake naliacha, kwa kuwa haina ubaya wowote ambao jirani zake hawana. Ina meza za plastiki kumi na moja chini ya miembe na michikichi, na kiti nilichopewa mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya wa umeme. Ukutani, usawa wa kiuno changu, kuna mstari wa kahawia ambao hakuna aliyejisumbua kuupaka rangi. Ni alama ya maji ya 2024, mwaka ambao Ziwa Tanganyika lilipanda hadi likakaribia kimo chake cha 1964. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo huko Kongo. Mvua ikizidi, sisi wa ukingo huu tunabeba magodoro na kungoja lipungue. Ndiyo maana sheria inataka mita 150 zibaki wazi kati ya maji na jengo lolote. Nilipima kwa hatua kutoka mezani pangu mpaka majini: thelathini na nne. Nikarudi, nikakaa, nikaita mhudumu. Katika hadithi hii hakuna msafi, na mimi nimo.

Mhudumu alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, kitambaa cha manjano kichwani, ndala miguuni. "Karibu, tonton." Akaniwekea menyu iliyopigwa plastiki, vyakula ishirini na sita vimepangwa humo kwa Kifaransa. Mtu wa hapa hasomi menyu, anauliza. Nikamuuliza kuna nini.

"Kuna mukeke."

"Na nini kingine?"

Akaitazama menyu kana kwamba naye anaiona leo. "Mukeke."

Basi mukeke, wa kuchoma, na ndizi, na pilipili. Kinywaji? Amstel ntayo, yaani hakuna. Primus ipo, ila ya moto, umeme umekatika tangu jana jioni. Nikamuuliza samaki atachukua muda gani, na hapo ndipo aliponipa jibu ambalo Bujumbura nzima hulipata kila siku, dukani, kituo cha mafuta, kliniki, dirisha la ofisi.

"Mwihangane, inakuja."

Kwa msomaji wa Kiswahili asiyejua Kirundi, neno hilo linahitaji maelezo kidogo. Kiswahili kina pole, na kina samahani. Pole anapewa mwenye shida na yeyote apitaye. Samahani anaisema mwenye kosa. Maneno mawili, milango miwili, na mtu akikukanyaga mguu kisha akakuambia pole badala ya samahani, unamwona kama mjanja. Kirundi hulibebesha neno moja mzigo wote. Ihangane anaambiwa aliyefiwa. Ihangane anaambiwa aliyekanyagwa. Ihangane anaambiwa mwenye njaa ambaye samaki wake hajulikani aliko. Ndani yake mna kuomba radhi, mna kufariji, na mna amri: vumilia. Sijui neno lenye huruma zaidi ya hilo, wala lenye kumfunga mtu mdomo zaidi ya hilo. Utamgombezaje mtu aliyekwisha kukupa mkono wa tanzia?

Saa nane na dakika tano nilikwenda jikoni. Najua si adabu, lakini nilikuwa nimeshahesabu mitumbwi yote. Mpishi, mama wa makamo aliyekuwa amekalia kreti iliyopinduliwa, hakushangaa kuniona. Makaa yapo, akasema, yanawaka. Ndizi zimeshamenywa. Samaki ndiye hayupo. Samaki ameenda kununuliwa.

Kumbe ndivyo inavyokwenda. Friji bila umeme ni kabati tu, na mukeke hangoji kesho. Mwenye kabare akinunua samaki kumi asubuhi na wateja wakaja watatu, saba anawatupia paka. Kwa hiyo samaki hanunuliwi mpaka mteja akae, aagize, na aonekane ni mtu asiyekimbia. Hapo kijana anapewa baiskeli na kutumwa sokoni Ruziba, au ufukweni kama kuna chombo kilichochelewa kurudi. Menyu ya vyakula ishirini na sita ni ukumbusho wa enzi fulani, mithili ya picha za harusi ukutani kwa wazee. Nilijikuta nakubali kwamba utaratibu huu una akili kuliko hasira yangu.

Ila siku hiyo kijana alikuwa amerudi mikono mitupu. Ulikuwa mwezi mpevu. Mukeke na ndagala huvuliwa usiku kwa taa: samaki hufuata mwanga, wavu unawazingira. Mbalamwezi ikienea ziwani, taa ya mvuvi haina thamani, na siku hizo wengi hawaingii majini kabisa. Mukeke mmoja alipatikana, lakini bei yake ilizidi noti alizopewa kijana. Ikabidi apigiwe simu mwenye kabare, anayekaa mjini. Simu haikupokelewa. Ikapigwa tena. Akapokea, akauliza mteja ni mtu gani, akaambiwa ni mzee amevaa miwani, akafikiri, akatuma pesa kwa simu. Yote hayo yalipita wakati mimi nahesabu mitumbwi, na binti wa kitambaa cha manjano ananiambia inakuja, kwa kuwa hakuwa na idhini ya kuniambia lolote jingine. Hawezi kusema hapana, angemfukuza mteja. Hawezi kusema saa moja na nusu, haijui. Amekodiwa kuwa uso wa jambo ambalo haliko mikononi mwake.

Na bei ya yule mukeke mmoja? Mpishi alicheka. "Petroli, papa." Mbalamwezi ni ya Mungu, huja na kuondoka, lakini hata siku za giza chombo chenye mashine hakiendi mbali bila mafuta.

Uhaba wa mafuta tunaoishi nao sasa ulianza kubana sawasawa mwaka 2022, na haujatuachia moja kwa moja tangu hapo. Unalegea wiki mbili, unakaza miezi mitatu. Magari yamelala foleni usiku kucha, wenyewe wamelala ndani. Waliokuwa na jamaa Uvira walivuka Gatumba na madumu, wa Rumonge na Nyanza-Lac wakatazama Kigoma, na kichupa cha petroli kikaanza kuuzwa kichochoroni kama dawa ya kienyeji. Sababu yenyewe haina fumbo: mafuta hununuliwa kwa dola, nchi inauza nje kahawa, chai na dhahabu kidogo kuliko inavyonunua, na dola hazitoshi. Mwaka 2024 na 2025 bei ya dola mitaani ilizidi mara mbili ile ya benki. Dola hiyohiyo ndiyo inayokosekana kuleta malighafi ya bia, ndiyo maana Amstel ntayo, katika mji wenye kiwanda chake cha bia tangu miaka ya hamsini.

Mimi mwenyewe nilifika Ruziba kwa jasho. Nilisimama kwenye parikingi mjini kati, karibu na lile eneo la soko kuu lililoungua tarehe 27 Januari 2013, kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa sita. Pikipiki, bajaji na baiskeli haziruhusiwi katikati ya jiji tangu Machi 2022, kwa hiyo kilichobaki ni bisi, na bisi hunywa petroli. Foleni ilikuwa na nidhamu ya kanisani. Bisi ilipotokea, nidhamu ikaisha. Mama mmoja alipitishwa dirishani, kisha mtoto wake, kisha kikapu chake cha lengalenga, kwa utaratibu huo. Kondakta alitubana watano kwenye kiti cha watu watatu na kutuambia, nadhani mnajua alituambia nini.

Kwa hiyo mukeke wangu alikuwa anachelewa kwa sababu ya friji, na mwezi, na simu isiyopokelewa, na petroli, na dola. Ukiufuata uzi huo toka kwenye sahani tupu, unapanda ngazi baada ya ngazi: binti, mpishi, mwenye kabare, mvuvi, muuza mafuta, benki, wizara. Kila ngazi kuna mtu mstaarabu anayekuambia uvumilie, na kila mmoja anasema kweli kwamba kosa si lake. Hilo ndilo linalochosha. Kungoja tumezoea. Kinachochosha ni lalamiko lisilo na anwani: aliye mbele yako hawezi kitu, na anayeweza hayuko mbele yako.

Kiswahili cha kisiasa, hasa cha ng'ambo ya mpaka kule Tanzania, kina neno tamu kwa mambo haya: kero. Zamani kero ilikuwa jambo la mtu na jirani yake, mbuzi kula mchicha, redio kupigwa usiku. Siku hizi kero ina ratiba na msafara wa magari. Kiongozi anakuja kusikiliza kero za wananchi, anaondoka nazo kwenye daftari, na wananchi wanabaki na nakala halisi.

Rafiki zangu wa Kigali na Nairobi wakija huku wana maelezo mepesi kuliko yote haya. Wanasema Warundi hawajui huduma kwa mteja, ni utamaduni. Nikisikia hivyo huwa nawapeleka Mugere, kilomita chache tu kusini ya Ruziba, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Kuna jiwe kubwa hapo. Tarehe 25 Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika sehemu hizo kwa mtumbwi wakitokea Ujiji, walikokutana wiki mbili kabla. Wapo watakaokuapia kwamba ni hapa Mugere walipokutana kwa mara ya kwanza. Msiwaamini, ila msiwanyime bahasha yao. Wale wawili walikuwa wanataka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka (unaingia), na kwa siku mbili walikuwa wageni wa chifu Mukamba. Hawakumjua, hakuwajua, hakuwa na menyu, na walikula.

Au waachie mambo ya 1871. Ingia nyumba yoyote Ruziba leo, hata ile ambayo ukuta wake bado una alama ya maji, uone kama utangoja. Kiti kinafutwa kwa khanga kabla hujakikalia. Mtoto ameshatumwa dukani, umeona kisigino chake tu. Kama kuna impeke, pombe ya mtama, mirija inaletwa na mwenyeji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema sisi Waswahili wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, na mwenyeji hupona kweli kwa sababu mgeni akiondoka atasimulia. Jina la nyumba liko mdomoni mwake. Kule kabare ya ufukweni nani atasimulia nini, na kwa nani? Hii ya pili umeme umekatika vilevile, ya tatu mukeke ni yuleyule. Mteja asiye na pa kwenda hahitaji kubembelezwa.

Nikiwa nimekaa pale na Primus yangu ya moto nilikumbuka hoteli nyingine ya ukingo wa ziwa hilihili, na meza nyingine ya chakula. Tarehe 18 Septemba 1961, chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda viti 58 kati ya 64 vya bunge. Wazee wetu wa Buyenzi walikuwa na sehemu yao katika ushindi huo. Rwagasore alikuwa ameanza nao mapema, tangu enzi za vyama vyake vya ushirika vya wafanyabiashara mwaka 1957, wakati Wabelgiji walipokuwa wakiwaona Waswahili kama wageni wa mji walioujenga wenyewe. Siku 25 baada ya kura, usiku wa 13 Oktoba, akiwa anakula katika Hoteli Tanganyika, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Muuaji alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, kesho yake nchi ikapata uhuru.

Sisemi hayo kwa ajili ya kuwatisha watalii. Nasema kwa sababu uchaguzi wetu wa kwanza wenye maana uliishia mezani, na tangu hapo Mrundi na sanduku la kura wana uhusiano wa mtu na jiko lililowahi kumuunguza.

Mwaka 1993 nilikuwa kijana. Tarehe 1 Juni mjomba wangu alivaa koti lake la harusi kwenda kupiga kura, joto la Bujumbura na yote, akarudi jioni mgongo umelowa na hataki kulivua. Melchior Ndadaye wa FRODEBU alipata karibu asilimia 65, Pierre Buyoya aliyekuwa madarakani akakubali kushindwa, na kwa wiki kadhaa watu walizungumza kwa sauti ya kawaida mambo waliyokuwa wakiyanong'ona. Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba aliuawa na wanajeshi. Vita vilivyofuata vilichukua watu wapatao laki tatu. Lile koti mjomba aliligawa.

Ndipo ukaja mkataba wa amani wa Arusha, Agosti 2000, na baada ya miaka mitano uchaguzi mwingine. Wa 2005 naukumbuka kwa karatasi zake. Ulipewa karatasi moja kwa kila chama. Uliyoitaka uliitia kwenye bahasha na kuitumbukiza sandukuni, na zote ulizozikataa ulizitupa kwenye sanduku la pili. Lile la pili lilijaa upesi. Kwa wanaopenda menyu, hiyo ndiyo ilikuwa menyu ndefu kuliko zote tulizowahi kuwekewa, na vyakula vilikuwepo kweli jikoni.

Kuanzia hapo ikawa inafupika. Juni 2010, baada ya upinzani kususa, mgombea urais alikuwa mmoja, Pierre Nkurunziza, na tukamchagua kwa zaidi ya asilimia 91. Aprili 2015 ikaja habari ya muhula wa tatu. Musaga, Nyakabiga na Cibitoke zikawaka moto, jaribio la mapinduzi la Mei likashindwa, na meli ya MV Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza, ikawa inabeba wakimbizi wetu kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mwaka 2020 Évariste Ndayishimiye alishinda kwa zaidi ya asilimia 68. Agathon Rwasa alipewa 24, na chama chake cha CNL kikapata viti 32 bungeni. Haikuwa sahani iliyojaa, lakini ilikuwa na kitu. Machi 2024 Rwasa akaondolewa katika uongozi wa chama alichokiunda mwenyewe.

Na tarehe 5 Juni 2025, siku ya Alhamisi, tukachagua bunge jipya. CNDD-FDD, chama tawala, ilipata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti 100 kati ya 100. UPRONA, chama cha yule mtu wa viti 58, hakikufikisha hata asilimia 2. Upinzani ulilalamika wizi na vitisho, tume ya uchaguzi ikasema kasoro zilikuwa ndogo. Ndugu zetu wa Tanzania wasitucheke: Oktoba ya mwaka huohuo, kiongozi mkuu wa upinzani akiwa gerezani na intaneti imezimwa, wao walitangaziwa asilimia 97.66.

Mia kwa mia. Nimejaribu kulielewa jambo hilo kama raia mwema. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote na sijawahi kuona watu mia wakikubaliana hata juu ya kiasi cha chumvi. Katika kabare ile ya Ruziba, siku ile, meza nne zilikuwa na watu, na meza zote nne zilikuwa na malalamiko: hapa bisi, hapa sukari, pale ada ya shule, pale mama aliyetoka kliniki na karatasi ya dawa isiyo na dawa. Viti 100 vya bunge vimekaa wapi ambako habari hizi hazifiki?

Kiswahili hutumia neno moja, sanduku, kwa kura na kwa maoni. Hoteli moja mjini, nayo naiacha jina, ina sanduku la maoni mapokezini, la mbao nzuri, limeandikwa kwa lugha tatu kwamba mteja ni mfalme. Mwaka juzi maji ya bafuni yalikatika nikiwa na sabuni usoni, nikaandika karatasi, nikaitia. Kisha nikamuuliza kijana wa mapokezi sanduku hufunguliwa lini. Akaniambia kwa heshima kubwa kwamba ufunguo anao bosi. Bosi yuko wapi? Ulaya. Anarudi lini? Nikaambiwa nivumilie. Kupitia ule mlango mwembamba niliona karatasi zimejaa hadi juu, za rangi za zamani, ya kwangu imekaa juu yake kama samaki juu ya barafu. Wateja walikuwa wameandika kwelikweli. Walikuwa wameandika miaka.

Serikali yetu ina kaulimbiu nzuri, Leta mvyeyi, Leta nkozi, serikali mzazi, serikali mchapakazi. Na lengo lake linalotajwa mara kwa mara ni kila mdomo upate chakula na kila mfuko upate pesa. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila mzazi ni mtu usiyemchagua, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Mtoto akisema chakula kimechelewa, mzazi humwambia avumilie, na mtoto hana kabare nyingine ya kwenda. Mimi ningependa, kwa umri huu, kuwa mteja. Mteja mdogo tu, wa meza ya pembeni, ila mteja ambaye akiondoka mtu anaona kiti kitupu na kujiuliza kwa nini. Uchaguzi wa rais unatarajiwa mwaka 2027. Vijana wa meza ya jirani, wenye umri wa yule binti, niliwasikia wakiutaja mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua za mwezi ujao, kisha wakarudi kwenye mpira.

Mukeke alikuja saa tisa kasoro dakika ishirini.

Niseme ukweli wote: alikuwa mtamu. Ngozi imekauka hadi inavunjika, ndani mweupe, mwenye maji. Ndizi zimeguswa na moto pembeni tu. Pilipili imesagwa na limau na kitunguu dakika ileile. Mpishi alitoka jikoni akasimama mbali, mikono imekunjwa kwenye kitenge, kuniangalia tonge la kwanza. Nikamwonyesha kidole gumba, akarudi kwenye kreti yake. Mwanamke yule anajua kazi. Mtu akimpa samaki saa saba, anakupa samaki saa saba na nusu, na hii makala isingekuwepo.

Nilipoitisha hesabu nilitoa noti kubwa. Ilibaki chenji ya faranga elfu moja. Binti aliingia ndani, akatoka, akaenda meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akavuka barabara hadi kwa muuza vocha, akarudi akipepea uso kwa trei.

"Tonton, chenji ntayo. Mwihangane. Ukirudi nitakupa."

Nikamwambia sawa, aache. Akakataa, si pesa yake. Akachana kipande cha boksi la sigara, akachukua kalamu iliyokuwa imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwani, akaandika: *Tonton wa mukeke, 1000*. Akanipa. Nikamuuliza, kwa utani wa mtu aliyeshiba, siku nikirudi nisipomkuta yeye, nani atakitambua hiki kikaratasi.

Akakichukua tena. Akakaa kidogo, kalamu mdomoni. Kisha akaandika chini yake jina lake, na chini ya jina namba yake ya simu, tarakimu moja moja, akizisoma kwa sauti asikosee.

"Nisipokuwepo," akasema, "nipigie."